Udongo wa lupango lako: risasi hii imetoka wapi?



Siku moja mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka minne kwenye dispansari yetu hapa Lubumbashi. Mtoto alilalamika tumbo, choo chake kilikuwa kigumu, na ukimfunua macho uliona weupe wa mtu aliyepungukiwa damu. Tukampa dawa ya minyoo. Baada ya majuma mawili akarudishwa, hali ni ile ile. Ndipo mama yake akasema: «Dokta, huyu anakula udongo.» (Wananiita dokta, ijapokuwa mimi ni msaidizi wa waganga tu.) Munganga mkuu akaagiza damu yake ipelekwe kupimwa risasi. Jibu lilipokuja, risasi ilikuwa nyingi.

Risasi ninayosema hapa si ya bunduki. Ni madini yenyewe, yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Katika mwili wa mtu hayana kazi yoyote. Hupunguza damu, huumiza tumbo, na baya zaidi huharibu ubongo unaokua. Mtoto anachelewa shuleni, anakuwa mkali bila sababu, na wazazi wanadhani ni mvivu au wanaanza kumtafuta mchawi. Mara nyingi hakuna dalili hata moja. Tena mtoto mdogo akimeza kiasi kile kile anachomeza mtu mzima, mwili wake hunyonya mara nne au tano zaidi.

Tukawaita wazazi. Baba, ambaye kazi yake ni kwenye mashine za kusaga mawe, akasema mara moja: «Ni moshi wa ile shemine kubwa.» Babu wa mtoto, aliyekuja naye, akatikisa kichwa: «Hapana. Udongo wa Katanga una shaba tangu Mungu alipouumba. Babu zetu waliyeyusha shaba kabla Mzungu hajafika.» Mama akanyamaza kidogo, halafu akamwangalia mume wake viatuni.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyesema upumbavu. Lakini ilikuwa ni lazima tujue. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, yaani OMS, liliandika kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, lakini ukimtibu mtoto na kumrudisha kwenye udongo ule ule, damu yake inajaa upya. Wala tusingoje udongo ujisafishe. Madini hayaozi kama majani. Ng'ambo ya mpaka, kule Kabwe katika Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulianza mwaka 1902 ukafungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto waliozaliwa nyuma ya kufungwa kwake wanakutwa na risasi katika damu, kwa sababu ya udongo wanaouchezea.

Basi, namna gani mtu anaweza kujua madini yaliyo katika udongo wake yametoka wapi? Ni kazi ya kufuata nyayo.

MAWE YENYEWE

Tuanze na neno la babu, maana ni la kweli. Udongo wa kawaida duniani una shaba kidogo sana, kama miligramu 20 au 30 katika kilo moja. Lakini juu ya vilima vya shaba vya Katanga, kama vile vya Fungurume, utakuta zaidi ya miligramu 1000, pengine zaidi ya 10 000, na hakuna kiwanda kilichozileta pale. Miti haioti juu yake. Yanaota majani mafupi na maua yanayovumilia shaba. Wazee wetu walivitambua vilima hivyo kwa upara wake na kwa maua hayo, wakachimba, wakayeyusha, wakatengeneza misalaba ya shaba ambayo ilikuwa fedha ya biashara.

Moja la maua hayo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Watu wengi husema: pale linapoota, shaba iko chini. Hapo mwangalie vema. Ua hilo linaonyesha kwamba shaba ipo katika udongo. Halionyeshi nani aliyeileta. Limeota pia mahali pa tanuru za zamani za babu zetu, hata wachimbuzi wa mambo ya kale wamelitumia kuzitafuta tanuru hizo, na limeota kwenye udongo ulioharibiwa na viwanda vya karne iliyopita. Kwa hiyo ua ni shahidi, lakini ni shahidi wa nusu ya jambo.

Alama iliyo bora ni kina. Madini yaliyotoka katika mwamba yako chini vile vile kama yalivyo juu, na mara nyingi yanazidi kadiri unavyochimba. Madini yaliyoletwa na moshi, vumbi au mkono wa mtu yamelala juu, katika sentimeta chache za kwanza, kisha yanapungua upesi. Risasi hasa ni nzito wa kutembea: inashikana na udongo mweusi wa juu na kubaki pale miaka mingi. Kadimi, zinki na kobalti hushuka kwa urahisi zaidi, hasa udongo ukiwa mkali, yaani wenye asidi.

Kuna jambo moja la kwetu linaloweza kutudanganya: kichuguu. Mchwa wa Katanga hupandisha udongo wa chini na kuufanya mlima mkubwa kuliko nyumba. Hata wapelelezi wa madini hupima udongo wa vichuguu ili wajue kilicho chini. Kama lupango lako lilisawazishwa kwa udongo wa kichuguu, au matofali yako yalitolewa humo, cha chini kimekwisha kuwa juu. Mwambie anayekuja kupima.

MOSHI NA UPEPO

Sasa tuje kwenye shemine. Gazeti hili ni la kompani, na wengine watadhani tutapita hapo kwa haraka. Hatutapita. Fonderi ya Lubumbashi ilianza mwaka 1911 wakati wa Union Minière ikafanya kazi hadi mwaka 1992. Miaka 81 hiyo moshi wake ulibeba vitu viwili. Cha kwanza ni gesi ya kiberiti, ambayo iliua miti na kufanya udongo kuwa na asidi. Cha pili ni vumbi la shaba, zinki, risasi, kadimi, arseniki na kobalti. Upepo wetu mkubwa hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo vumbi lilianguka hasa kaskazini-magharibi ya shemine, na ukiutazama udongo ulioharibika kutoka juu, umepanuka kama sketi kuelekea huko. Watu wa Penga Penga wanaujua vema: uwanja mtupu, mwekundu, ambao mvua inauchimba kila mwaka.

Ndiyo maana swali la kwanza la mpimaji ni hili: nyumba iko upande gani wa shemine, na mbali kiasi gani? Anachukua udongo karibu, kisha mbele kidogo, kisha mbele zaidi, kwa mstari mmoja. Kama madini yanapungua hatua kwa hatua kadiri anavyoondoka, na kama upande wa pili ambako upepo haufiki udongo ni mzima, shemine imetajwa. Anatazama pia chembe zenyewe kwa mikroskopu. Vumbi la fonderi lina vitone vya mviringo kama shanga, kwa sababu lilikuwa limeyeyuka likagandia hewani. Vumbi la jiwe lililosagwa lina pembe kali.

Nyumba ya mtoto wetu ilikuwa upande wa kusini wa shemine. Upepo wa miezi mingi ya mwaka unatoka kwao kwenda kwenye shemine, si kinyume. Baba hakufurahi kusikia hivyo.

Maji nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa nyumba hii haiko mtoni. Wanaolima bondeni wasikilize hata hivyo. Maji machafu ya viwanda vya Likasi yalishuka kwa mito hadi ziwa Tshangalele, na matope ya chini ya ziwa hilo yamehifadhi madini. Namna hiyo hiyo mto unaopita karibu na kiwanda ukifurika wakati wa mvua, unaacha matope juu ya bustani. Hapo sumu haifuati upepo. Inafuata ukingo wa maji, na ukipanda mita chache juu ya bonde inakwisha.

MADINI HUTEMBEA NA WENZAKE

Hii ndiyo sehemu iliyonishangaza mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza. Madini hayatembei peke yake. Jiwe la Kipushi lina shaba pamoja na zinki, risasi, kadimi na arseniki. Mawe ya Kolwezi na Likasi yana shaba pamoja na kobalti. Kwa hiyo usiulize tu «risasi ni kiasi gani?» Uliza pia «iko pamoja na nani?» Fonderi ya Lubumbashi iliyeyusha mawe ya Kipushi, udongo ulioharibiwa na moshi wake utakuwa na shaba nyingi kwanza, na zinki, risasi na kadimi nyuma yake. Ukikuta risasi nyingi bila shaba, umekosea njia, rudi nyuma.

Laboratwari kubwa zinaweza kwenda mbali zaidi. Risasi ina namna nne zinazotofautiana kwa uzito: 204, 206, 207 na 208. Kiasi cha kila namna kinategemea umri na asili ya mwamba, na moto wa fonderi haukibadilishi. Kwa hiyo risasi ya udongo inaweza kulinganishwa na risasi ya jiwe fulani, kama vile tunavyolinganisha alama za vidole. Sisi hatukuhitaji kufika huko.

Tulikwenda kwenye lupango lile asubuhi, mimi na kijana mmoja wa huduma ya usalama. Tulichukua udongo mahali pengi: mbele ya mlango, katikati ya uwanja, bustanini, chini ya mwembe ambako mtoto hupenda kukaa kwa sababu ya kivuli, na barabarani. Kila mahali tulichukua mara mbili, sentimeta 5 za juu, kisha sentimeta 50 chini. Tulitumia kijiko cha plastiki na mifuko safi ya nailoni, si kopo la bati lenye kutu. Juu ya kila mfuko tuliandika mahali na kina. Ndani ya nyumba tulifagia vumbi la sakafu likawekwa peke yake.

Majibu yalipokuja, watu wote watatu walipata sehemu yao.

Chini, kwenye sentimeta 50, shaba ilikuwa imezidi kidogo ile ya udongo wa kawaida, sawa sawa kila mahali. Hilo lilikuwa neno la babu, ni mwamba wa Katanga, wala halimdhuru mtu. Mbele ya mlango na katika vumbi la sakafu kulikuwa na shaba na kobalti nyingi, lakini barabarani hazikuwapo. Ni yale yale madini ya jiwe ambalo baba anasaga kila siku. Yalifika kwa boti zake na kwa salopeti ambayo mama alikuwa anaikung'uta barazani kabla ya kuifua. Hilo lilikuwa neno la mama.

Na risasi? Ilikuwa chini ya mwembe tu. Juu kabisa ilikuwa nyingi sana. Sentimeta 50 chini haikuwapo zaidi ya kawaida. Haikufuatana na shaba, wala zinki, wala kadimi. Ilikuwa pamoja na antimoni, madini ambayo mafundi huchanganya na risasi ili iwe ngumu kwa kutengeneza betri za motokaa. Tulirudi na jembe, tukafukua kidogo, tukapata vipande vya plastiki nyeusi na tope la kijivu. Mtu fulani aliyekaa pale zamani alikuwa anavunja betri kuukuu na kuyeyusha risasi yake chini ya kivuli cha mwembe. Hakuna jirani anayemkumbuka vizuri.

Kama tungalimsikiliza baba peke yake, tungalimlaumu moshi na mtoto angaliendelea kukaa chini ya mwembe.

KAZI HUFUATA MTU NYUMBANI

Jambo la viatu nataka nilikazie, kwa maana linahusu wengi wetu kuliko betri. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nijeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi. Wazazi wao walikuwa wanachimba dhahabu, na jiwe la dhahabu hiyo lilikuwa na risasi nyingi. Walilisaga nyumbani, uani, pengine kwa mashine zile zile za unga. Hapakuwa na shemine wala kiwanda. Hapa kwetu, katika mtaa wa Kasulo huko Kolwezi, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014 wakaanza kuchimba ndani ya malupango. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, na watoto ndio waliozidi.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, boti na salopeti zibaki kazini kama kuna mahali pa kuziacha. Kama hakuna, ziishie nje ya mlango, na uoge kabla ya kumbeba mtoto. Najua mtoto anakimbia kukupokea, na ni vigumu kumwambia angoje. Mama asikung'ute nguo ikiwa kavu. Ailoweke kwanza katika beseni ya peke yake, na maji yake yasimwagwe bustanini. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu wakati wa kiangazi unapandisha vumbi lote puani mwa watoto. Wala asilete mtu jiwe la mgodi nyumbani kwa kupamba baraza, hata likiwa la kijani la kupendeza.

Mama mmoja aliniuliza: «Na lengalenga zangu? Zinaota vizuri sana, majani mapana.» Hapo nilimjibu jambo ambalo halikumpendeza. Shaba ikizidi inaua mmea wenyewe: majani yanakuwa ya njano, mizizi inadumaa, nawe unajua mara moja kwamba udongo una kasoro. Kadimi haifanyi hivyo. Inaingia katika jani bila kulibadilisha sura, jani linabaki kijani, bukari inaliwa nalo, na kadimi inakwenda kukaa katika mafigo miaka kumi, ishirini. Kuota vizuri si uthibitisho. Kupika hakuondoi madini. Moto haufanyi kitu. Kuosha kwa maji safi kunaondoa vumbi lililo juu ya jani, na hiyo ni faida kubwa kwa sombe, matembele na lengalenga, lakini kilicho ndani kinabaki.

Kama udongo wako haujapimwa na unakaa upande ambao upepo wa shemine ulikuwa unapeleka moshi, pendelea vyakula vya tunda na punje, kama nyanya, maharagwe na mahindi, maana madini mengi hubaki katika mizizi na majani kuliko kufika katika tunda. Tia chokaa na mbolea ya samadi au ya majani yaliyooza. Chokaa hupunguza asidi, na asidi ikipungua madini hushikana na udongo badala ya kupanda mmea. Ndivyo walivyofanya wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pale Penga Penga: walitia chokaa na mboji, wakapanda nyasi fupi inayoitwa Microchloa kunthii, ili udongo ufunikwe usiruke na upepo. Madini bado yamo, lakini hayafiki tena puani. Mwenye nafasi ndogo anaweza kupandisha kitalu kwa matofali na kukijaza udongo uliotoka mbali.

Na mama wenye mimba wanaonunua pemba sokoni, waje tuzungumze. Udongo huo nao umetoka mahali, na mwuzaji hajui ni wapi.

Pale kwenye lupango la mtoto, watu wa usalama, wamefunikwa pua na mdomo, waliondoa udongo wa chini ya mwembe kwa kina cha sentimeta 30, wakaupakia katika mapipa yenye vifuniko. Shimo likajazwa udongo safi na kupandwa nyasi. Baba sasa anavua boti karibu na lango. Mtoto amepimwa mara mbili tangu hapo. Risasi inashuka, lakini haijafika chini ya 5, kwa sababu iliyoingia katika mifupa hutoka polepole. Atapimwa tena baada ya miezi mitatu, pamoja na dada yake mdogo ambaye ameanza kutambaa.

Mwembe huo uko mpakani, na nusu ya kivuli chake inaanguka kwa jirani. Kwake tutachimba juma lijalo.